Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ujenzi wake

Maswali haya huulizwa na wanafunzi, wageni wanaovuka kwa dau kutoka Kilwa Masoko, na ndugu walio Muscat au Toronto wanaotaka kujua wazee walijenga nini. Nimeanza na yale ya msingi. Pale ambapo jibu limeshatolewa, nitakuelekeza kwenye swali husika badala ya kurudia. Mimi napenda sana jengo hili, na nadhani anayelisoma kwa macho yake, jiwe kwa jiwe, huelewa mengi kuliko anayetegemea hadithi peke yake.

## Mambo ya mwanzo

Msikiti huu uko wapi?

Uko Kilwa Kisiwani, kisiwa kidogo cha mkoa wa Lindi, takriban kilomita 300 kusini mwa Dar es Salaam. Unafika Kilwa Masoko kwa barabara, kisha unavuka mlango wa bahari kwa dau au boti. Msikiti uko upande wa kaskazini wa kisiwa, karibu na pwani inayotazama bara. Jirani zake ni Gereza (ngome ya kale), jumba la Makutani, Msikiti Mdogo wa Kuba na makaburi ya masultani. Husuni Kubwa, kasri la sultani, iko mbali kidogo, upande wa mashariki, juu ya jabali.

Kisiwa kina wakazi hadi leo. Watu wanalima, wanavua na kusali, lakini wana msikiti wao mwingine. Msikiti Mkuu ni gofu: kuta, nguzo, matao, na sehemu ya paa iliyosalimika.

Ulijengwa lini?

Haukujengwa mara moja, na hapa ndipo wengi wanapojichanganya. Sehemu ya kaskazini ndiyo kongwe, ya karne ya 11 au ya 12. Sehemu kubwa ya kusini iliongezwa mwanzoni mwa karne ya 14, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule yule aliyejenga Husuni Kubwa. Sehemu hiyo ya kusini ilianguka, ikajengwa upya karne ya 15. Kwa hiyo ukisimama katikati ya gofu, nguzo ulizo nazo mkono mmoja zinaweza kuwa na tofauti ya miaka 300 na zilizo mkono wa pili.

Mengi tunayoyajua kuhusu hatua hizi yalitokana na uchimbuzi ulioongozwa na mwanaakiolojia Neville Chittick kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, pamoja na vipimo vya Peter Garlake, aliyechora misikiti na majumba ya pwani nzima kwa uangalifu mkubwa.

Nani aliujenga: Waarabu, Washirazi au Waswahili?

Tarihi ya Kilwa, yaani masimulizi ya kale ya historia ya mji, inasimulia kwamba Ali bin al-Hasan alikuja kutoka Shiraz kwa jahazi, akakinunua kisiwa kwa vitambaa vya kutosha kukizungushia. Ni hadithi nzuri, na haikutungwa bure. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023, uliohusisha mifupa ya watu wa kale kutoka miji kadhaa ya pwani ikiwemo Kilwa, ulionyesha kuwa kuanzia karibu mwaka 1000 wanaume kutoka Uajemi walizaa na wanawake wa Kiafrika wa hapa hapa. Baba wa mbali, mama mwenyeji.

Lakini nasaba ni jambo moja na ufundi ni jambo jingine. Shanga, katika visiwa vya Lamu, mwanaakiolojia Mark Horton alichimba chini ya msikiti mmoja akakuta mingine chini yake: wa kwanza ulikuwa wa miti, wa karne ya 8, na iliyofuata ikabadilika hatua kwa hatua mpaka kufikia jiwe. Watu waliojifunza kujenga kwa namna hiyo, kizazi baada ya kizazi mahali pamoja, hawakuletewa msikiti kutoka ng'ambo ukiwa mzima. Jiwe lililotumika ni la bahari hii, boriti ni za mikoko hii, na mpango wa jengo una mambo usiyoyakuta Uajemi wala Bara Arabu (tazama swali la mnara na la nguzo za katikati). Kwa hiyo nikiulizwa, hujibu bila kusita: ni kazi ya Waswahili.

## Mawe, chokaa na miti

Kuta zimejengwa kwa jiwe gani?

Kwa matumbawe, lakini ya aina mbili, na tofauti yake ni ufunguo wa jengo zima.

Aina ya kwanza ni jiwe la nchi kavu, mwamba wa matumbawe ya kale uliobaki juu ya maji bahari ilipopungua. Ni gumu, lina matundu na makali, na halichongeki vizuri. Hilo ndilo linalojaza kuta: vipande vya ukubwa wa ngumi hadi wa kichwa, vimezamishwa ndani ya chokaa kama kokoto kwenye zege.

Aina ya pili hukatwa baharini, chini ya maji, likiwa bado bichi. Likitoka majini ni laini, unaweza kulikata kwa msumeno na kulichonga kwa tezo. Likishakauka na kupigwa na hewa linakuwa gumu. Fundi hakuwa na nafasi ya kuahirisha kazi: alichonga likiwa bichi au asichonge kabisa. Jiwe hili ndilo la mihrabu, miimo ya milango, kingo za matao na kila sehemu iliyotakiwa kunyooka.

Ukitaka kulitambua, sogeza uso karibu na mwimo wa mlango uliopoteza plasta, asubuhi jua likiwa bado chini. Utaona vishimo vidogo mno vimepangana kama sega la nyuki, kila kimoja kikiwa nyumba ya mdudu wa tumbawe. Kisha pitisha kidole kwenye ukuta wa kawaida hatua mbili pembeni: huko hakuna mpangilio, ni jiwe la kukwaruza tu. Ukishaona mara moja hutasahau, na utaanza kutambua mahali fundi alipoamua kugharamika na mahali alipobana matumizi.

Chokaa ilitoka wapi?

Ilichomwa hapo hapo. Magogo hupangwa kwa duara, safu juu ya safu, vipande vya matumbawe vikawekwa juu, tanuu likawashwa. Moto ukifika karibu nyuzi 900 jiwe huachia hewa yake ya ukaa na kubaki chokaa hai. Kisha rundo huachwa lipigwe na umande na mvua mpaka lilainike. Chokaa iliyokaa muda mrefu ndiyo waashi wanaoipenda, kwa sababu ya haraka huja kupasuka ukutani.

Ikishapakwa, inafyonza tena hewa ile ile ya ukaa na polepole inarudi kuwa jiwe. Ukuta wa Kilwa ni matumbawe yaliyoshikamanishwa na matumbawe. Ndiyo maana ukuta huo unapumua na kunyumbuka kama kitu kimoja, na ndiyo maana kuutia saruji ni kosa (tazama sehemu ya kuhifadhi).

Kuni zake zilikuwa nyingi kupita kiasi. Anayefikiria gharama ya msikiti huu asifikirie peke yake dhahabu ya Sofala, bandari ya kusini (Msumbiji ya leo) ambayo dhahabu yake ilipitia Kilwa. Afikirie pia msitu.

Kwa nini nguzo zimesongamana hivi?

Kwa sababu ya boriti. Mti wa mkoko ni mgumu, hauliwi ovyo na mchwa, lakini urefu unaofaa kubeba paa la mawe na chokaa hauzidi sana mita tatu. Paa la bapa la pwani ni zito mno: juu ya miti hupangwa vipande vya matumbawe, juu yake humiminwa chokaa na kokoto, hushindiliwa kwa siku kadhaa. Ukitanua nafasi, mti unapinda. Kwa hiyo mjenzi anayetaka ukumbi mkubwa hana budi kuongeza nguzo.

Kipimo hiki kilitawala pia vyumba vya nyumba za mawe, kuanzia Lamu mpaka Songo Mnara, kisiwa cha jirani chenye magofu: vyumba virefu na vyembamba, kama ukanda. Boriti hizo hizo zilisafirishwa kwa majahazi hadi Ghuba, na nyumba nyingi za zamani za Oman na nchi jirani zina upana huo huo kwa sababu hiyo hiyo.

## Kuingia ndani

Mbona sehemu ya kaskazini na ya kusini hazifanani?

Ya kaskazini ni ndogo na ya unyenyekevu. Ilikuwa na nguzo tisa, tatu kwa tatu, zilizogawa ukumbi kuwa miraba 16, na juu paa la bapa kama nilivyoeleza kwenye swali la boriti. Tangu mwanzo ilifunikwa yote, haina uwanja wa wazi katikati kama misikiti mikubwa ya Cairo au Damascus. Kwa nchi hii ya mvua za masika na jua la mchana, ilikuwa ni akili.

Ya kusini ni fahari. Ina miraba 30, nguzo zenye pande nane, matao yaliyochongoka kidogo, na juu kuba zikipishana na dari za mviringo mfano wa pipa lililopasuliwa katikati. Hapa hawakuhitaji boriti kabisa. Mzigo unabebwa na umbo lenyewe.

Ni kweli nguzo ya kati inakinga mihrabu?

Kwenye ukumbi wa kaskazini, ndiyo. Nguzo zikiwa safu tatu, ya katikati inasimama sawia na mihrabu, na mtu aliye nyuma yake hamwoni imamu. Wageni wengi hudhani ni kosa. Mimi sidhani. Jambo hili linajirudia kwenye misikiti mingine ya kale ya pwani, na fundi aliyeweza kuchonga mihrabu ile asingeshindwa kuhesabu nguzo. Swala haihitaji kumwona imamu, inahitaji safu iliyonyooka na sauti inayosikika.

Kuba zilijengwaje bila vyuma?

Kwanza matao manne yalijengwa kati ya nguzo nne. Kisha pembe zikazibwa ili mraba ugeuke kuwa karibu na duara. Juu yake kikawekwa kiunzi cha miti, na vipande vyepesi vya matumbawe vikapangwa ndani ya chokaa kuzunguka mpaka kileleni. Chokaa iliposhika, kiunzi kikatolewa.

Matumbawe ya baharini yana matundu mengi na ni mepesi kwa ukubwa wake, na huo ulikuwa msaada mkubwa. Kuba ya jiwe zito ingehitaji nguzo nene mara mbili.

Ukilala chali chini ya kuba iliyosalimika (lala kweli, usiinamishe shingo tu) utaona kwamba si duara kamili. Imebonyea upande mmoja kidogo, kama chungu kilichofinyangwa kwa mkono. Hakuna kuba mbili zinazolingana. Hilo ndilo linalonivutia zaidi: kila moja ina mkono wa mtu aliyeifanya.

Vile vishimo vya duara darini ni vya nini?

Vilikuwa na vyombo. Baadhi ya kuba na dari za msikiti zilipambwa kwa bakuli za kaure kutoka China na vyombo vingine vya kung'aa, vikazamishwa kwenye plasta ikiwa mbichi, uso ukitazama chini. Mwanga unaoingia mlangoni ungegonga rangi zile na kurudi. Nyingi zimeng'olewa zamani. Kilichobaki ni alama ya kitako, duara safi ndani ya chokaa, na wakati mwingine kigae kidogo ambacho hakikutoka.

Kuba Kubwa ilikuwa ya nani?

Upande wa kusini mashariki kuna chumba chenye kuba moja kubwa, kipenyo chake karibu mita tano. Hufikiriwa kuwa ni mahali alipoketi na kusali Sultani al-Hasan bin Sulaiman, akiwa amejitenga kidogo na umati. Ilikuwa kuba kubwa kuliko zote Afrika Mashariki mpaka karne ya 19. Ilisimama hata pale ukumbi wa jirani ulipoanguka, kwa sababu imekaa juu ya kuta, si juu ya nguzo nyembamba.

Kibla kiko kaskazini kweli, au waliweka kwa kukisia?

Kiko kaskazini kweli. Makka na Kilwa ziko karibu kwenye mstari mmoja wa longitudo, zote zikizunguka nyuzi 39 mashariki. Msikiti wa pwani hii unaotazama kaskazini umekaa sawa, na baharia aliyejua upande wa kaskazini alijua kibla chake. Ndiyo maana katika Kiswahili cha zamani neno kibla lilitumika pia kumaanisha upande wa kaskazini.

Mnara wa adhana uko wapi?

Haukuwepo. Misikiti ya kale ya Waswahili kwa kawaida haikuwa na mnara. Mwadhini alipanda ngazi hadi juu ya paa, au alisimama mlangoni. Kaskazini zaidi, Mogadishu, kuna mnara wa karne ya 13, na Shela, katika kisiwa cha Lamu, kuna ule wa karne ya 19, lakini kwa Kilwa paa lilitosha. Mji haukuwa mkubwa kiasi cha sauti ya mtu kushindwa kufika.

Watu walitawadha wapi?

Nje ya ukumbi kuna sehemu ya udhu, yenye kisima na mabirika yaliyopakwa plasta ya chokaa. Hapo sakafuni kuna mawe ya mviringo. Mtu alisugua nyayo zake juu ya jiwe kabla ya kuingia, kwani njia ilikuwa ya mchanga na watu wengi walitembea pekupeku.

Mimi hupeleka watu hapo kabla sijawaonyesha kuba. Kuba inasimulia habari za sultani. Mawe haya yamegusana na miguu ya kila mtu: mvuvi, mwashi, mtoto wa chuo cha Kurani, mgeni aliyeshuka jahazini asubuhi ile.

## Kuanguka na kuachwa

Ulianguka kwa nini?

Tarihi inasema msikiti ulianguka, ukakaa muda mrefu bila kujengwa, mpaka ukainuliwa tena zama za Sultani Sulaiman bin Muhammad, nusu ya kwanza ya karne ya 15.

Sababu unaweza kuisoma kwenye nguzo. Nguzo za kwanza za ukumbi wa kusini zilichongwa kwa matumbawe, kila moja jiwe moja tangu chini hadi juu. Zilipendeza mno, nyembamba na laini. Lakini kuba haisukumi chini tu, inasukuma na pembeni, na nguzo nyembamba ya jiwe jepesi haina nguvu ya kuzuia msukumo wa pembeni. Ikitikisika moja, jirani yake inabeba mzigo usio wake.

Waliojenga upya walijifunza. Nguzo walizoweka wao ni nene, zimejengwa kwa mawe madogo na chokaa, zikapewa pande nane na kupakwa plasta. Hazina umaridadi wa zile za mwanzo. Ila ndizo tunazoziona leo.

Wareno waliubomoa?

Hapana. Francisco de Almeida, kamanda wa Wareno, aliuteka mji mwaka 1505, askari wake wakapora na kuchoma, na wakajenga ngome. Waliondoka mwaka 1512. Walichokivunja hasa ni biashara: dhahabu ya Sofala haikupita tena Kilwa, na mji usio na biashara hauna fedha ya kuchoma chokaa. Paa la namna hii linahitaji kupakwa upya mara kwa mara. Likiachwa misimu michache, maji yanaingia, na maji ndiyo yaliyoubomoa msikiti.

Kilwa iliinuka tena kidogo karne ya 18, kisha ikazidiwa na Zanzibar. Shughuli zikahamia Kilwa Kivinje, bara, na Msikiti Mkuu ukabaki kwa popo na mizizi.

Ibn Battuta aliandika kuwa mji ulikuwa wa mbao. Alikosea?

Msafiri huyu wa Morocco alifika mwaka 1331, akakutana na Sultani al-Hasan, akausifu mji kuwa mzuri na uliojengwa vyema. Kweli maandishi yake yanataja mbao na paa za makuti au manyasi. Kumbuka mambo mawili. Simulizi yake iliandikwa zaidi ya miaka 20 baadaye huko Morocco, akimsimulia mwandishi Ibn Juzayy. Na pili, nyumba nyingi za watu wa kawaida zilikuwa kweli za miti na udongo, kama zilivyo nyingi kisiwani hata leo. Majengo ya mawe yalikuwa machache. Yameonekana mengi kwetu kwa sababu ndiyo yaliyodumu.

## Kuhifadhi

Kwa nini msizibe nyufa kwa saruji mmalize?

Swali hili huulizwa kwa nia njema, na ningeomba jibu lake lisomwe na kila fundi anayekabidhiwa jengo la kale.

Saruji ni ngumu kuliko tumbawe na haipitishi unyevu. Ukuta wa pwani una chumvi ndani yake, na kila msimu unyevu huingia na kutoka. Ukipaka saruji, unyevu unakosa njia, unatafuta pengine pa kutokea, nako huko chumvi inakauka na kuwa fuwele inayolivunja jiwe punje kwa punje. Miaka michache baadaye kiraka cha saruji kiko salama kabisa, na jiwe linalokizunguka limekuwa unga. Nimesimama mbele ya ukuta wa gofu moja la pwani uliotiwa saruji hivyo. Niligusa jiwe la kale kando ya kiraka, likamwagika mkononi kama sukari, nami sikujua niseme nini.

Dawa yake ni chokaa, iliyochomwa na kukaa kama nilivyoeleza juu. Inachukua muda mrefu na inahitaji fundi mvumilivu. Hakuna njia ya mkato.

Miti inayoota ukutani si inashikilia mawe?

Kwa muda, ndiyo. Mzizi unaingia kwenye ufa ukiwa mwembamba kama uzi, unanenepa, unaupanua. Kisha mti unakuwa sehemu ya ukuta, na ukiung'oa ghafla unang'oka na mawe. Kinachofaa ni kuukata juu, kuacha mzizi ukauke, halafu kujaza nafasi kwa chokaa kidogo kidogo. Miche ing'olewe ingali midogo.

Bado uko kwenye orodha ya hatari ya UNESCO?

Hapana. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya hatari mwaka 2004, na kuondolewa mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati iliyowashirikisha wanakijiji. Kutoka kwenye orodha hakumaanishi bahari imeacha kula ufukwe. Mikoko ikikatwa mbele ya gofu, wimbi linafika ukutani.

## Maswali ya pembeni

Tofauti yake na Msikiti Mdogo wa Kuba ni nini?

Msikiti Mdogo ni wa karne ya 15, una miraba tisa tu, na umehifadhika vizuri zaidi kuliko jengo lolote la kidini pale kisiwani. Kama unataka kuona jinsi ukumbi wa kusini wa Msikiti Mkuu ulivyokuwa ukiwa mzima, ingia kwanza kwenye huu mdogo, zoea kiza chake na ubaridi wake, halafu nenda kwenye mkubwa ukajaze kwa akili kilichokosekana.

Na Kizimkazi?

Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya Kikufi (mwandiko wa kale wa Kiarabu) yenye mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Maandishi hayo ni ya zama moja na ukumbi wetu wa kaskazini. Tofauti kubwa ni kwamba Kizimkazi bado unasaliwa.

Pwani hii ina kanisa dogo la zama hizo?

La zama hizo hasa, hapana. Lililo karibu zaidi ni kanisa dogo la Bibi Yetu wa Baluarte katika kisiwa cha Msumbiji, la mwaka 1522, na kuna kanisa dogo la Wareno Malindi lenye makaburi ya kale. Ukiyatazama baada ya Kilwa utaona jiwe na chokaa ni vile vile. Mgeni alikuja na ramani yake, lakini alijenga kwa kile pwani ilichompa.

Gofu hili bado lina hadhi ya msikiti? Naweza kusali ndani?

Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya watu wengi wa pwani, msikiti ukishawekwa wakfu haupotezi wakfu wake kwa kubomoka. Kwa hiyo wenyeji hawapachukulii kama uwanja wa picha. Vaa mavazi ya heshima, usipande juu ya mihrabu, usikalie kuta. Kuhusu kusali, muulize mzee wa kijiji au msimamizi wa eneo kabla, maana sehemu nyingine si salama kusimama chini yake. Kibali cha kuingia kisiwani unakichukua Kilwa Masoko.

Nataka kujenga kwa matumbawe kama wazee. Inawezekana?

Kwa jiwe la nchi kavu na chokaa, ndiyo, na waashi wanaojua kazi hiyo wapo Kilwa, Lamu na Unguja. Kwa jiwe bichi la baharini, usifanye. Tumbawe hai ndiyo nyumba ya samaki na ndiyo ngao ya ufukwe, na hukua polepole mno: linaweza kuongezeka kiasi cha upana wa kidole kwa mwaka, au pungufu. Hata mafundi wa ukarabati, wanapokosa kipande cha kuchonga, hutafuta kwanza kwenye kifusi kilichoanguka chini ya ukuta ule ule. Mara nyingi kipande kinapatikana, kimefukiwa kwenye majani hatua tatu kutoka kilipokuwa.